Je, Magharibi mwa Kenya Iruke Benki ya Tishu?

Kila panapozungumzwa mustakabali wa hospitali zetu za rufaa, Kisumu na Nakuru, huibuka hoja moja ambayo imepata wafuasi wengi. Inasema kwamba Kenya haikungoja nyaya za simu zifike kila kijiji. Simu ya mkononi ilikuja, mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na mkulima wa Ugenya ambaye hakuwahi kuwa na simu ya waya wala akaunti ya benki akaanza kutuma pesa akiwa shambani. Vivyo hivyo, wanasema, tusijisumbue kujenga benki za kuhifadhi ngozi, konea (kiwambo angavu cha mbele ya jicho) na mifupa ya waliofariki, kazi ambayo Wamarekani waliianza miaka ya 1940. Tungoje tishu zinazokuzwa maabara, ambazo hazihitaji maiti, hazigombani na mila za mazishi, wala hazimlazimu muuguzi kumwendea mjane aliyefiwa saa mbili zilizopita akiwa na fomu mkononi.

Hoja hiyo haistahili kubezwa, kwa kuwa ushahidi wake ni wa kweli. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha Holoclar, tiba ya seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli nyingine, iliyotokana na kazi ya Graziella Pellegrini na Michele De Luca kule Modena, Italia. Seli chache huchukuliwa kwenye jicho la mgonjwa mwenyewe, hukuzwa, kisha hurudishwa kufunika uso wa jicho lililounguzwa na kemikali. Mwaka 2017 De Luca na madaktari wa Bochum, Ujerumani, walieleza jinsi walivyomvika mtoto wa miaka 7 kutoka Syria ngozi mpya juu ya takriban asilimia 80 ya mwili wake, ngozi iliyokuzwa maabara baada ya kasoro ya jeni iliyokuwa ikimbambua kurekebishwa. Mwaka 2022 watafiti wa Linköping, Uswidi, walitangaza pandikizi la konea lililotengenezwa kwa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, iliyotolewa kwenye ngozi ya nguruwe. Lilitiwa katika macho ya wagonjwa 20 nchini India na Iran waliokuwa na keratokonasi, maradhi yanayoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka, na wale 14 ambao kabla ya hapo walihesabiwa kuwa vipofu walipata kuona. Pandikizi hilo linaweza kukaa ghalani hadi miaka 2, ilhali konea ya binadamu iliyotiwa katika dawa ya kuhifadhi na kuwekwa kwenye jokofu hudumu takriban wiki 2 tu. Kwa kuwa keratokonasi ni miongoni mwa sababu kuu zinazowapeleka vijana wa Kenya kwenye orodha ya kusubiri konea, habari hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Kwa mkazi wa Kisumu kuna mfano mwingine unaovutia hata zaidi. Huko Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazili, madaktari wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia wa Mto Nile, samaki yule yule anayepakuliwa kila asubuhi ufuoni Dunga. Ngozi hiyo ina kolajeni nyingi, hushikamana na kidonda, na humpunguzia mgonjwa mateso ya kubanduliwa bandeji kila siku. Sisi tumekuwa tukiitupa, isipokuwa ile kidogo inayotengenezwa viatu na mikoba. Ikiwa dawa inaogelea ziwani, anauliza mwenye hoja, maiti ni ya nini?

Nimeusikiliza upande huu kwa makini na bado naona kwamba umeisoma vibaya historia ya mafanikio yake wenyewe. Nianze na huyo samaki. Wabrazili hawakuifikia ngozi ya tilapia kwa kuruka benki ya ngozi. Waliifikia kwa sababu benki zao za ngozi ya binadamu zilikuwa chache mno zisiweze kutosheleza mahitaji, na walipoanza kuitumia iliwabidi wajenge benki kwa ajili yake. Ngozi ya samaki huoshwa kwa dawa, hulowekwa katika glisiroli, hupigwa mionzi ya gama ili kuua vijidudu, hupimwa, huwekwa alama na kuhifadhiwa kwenye baridi, na kila kipande kinaandikwa katika daftari. Isitoshe, manufaa yake makubwa yameonekana katika majeraha ambayo bado yana uwezo wa kupona yenyewe yakifunikwa vizuri. Moto ukila ngozi yote hadi mafuta ya ndani, hakuna samaki atakayeotesha ngozi mpya; mgonjwa huyo anahitaji kupandikizwa.

Kisa cha pili kina uzito zaidi, nacho ndicho kinachotajwa mara nyingi na wanaotaka turuke. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani Howard Green na James Rheinwald walionyesha namna ya kukuza seli za ngozi ya binadamu nje ya mwili, na mwaka 1983 ndugu wawili, watoto wadogo, walifikishwa Boston wakiwa wameungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Kipande cha ngozi ya kwapa chenye ukubwa wa kama sentimita 2 za mraba kilipelekwa maabara, kikakuzwa kuwa shuka za ngozi zilizofunika karibu nusu ya miili yao, na wote wawili waliokoka. Ambacho msimuliaji huacha kukisema ni kwamba ngozi ya maabara huchukua wiki 3 hivi kukomaa, na mtoto asiye na ngozi hawezi kuishi wiki 3. Atapoteza maji, chumvi na joto, na vijidudu vitaingia kwenye damu. Madaktari waliikata nyama iliyoungua wakawafunika watoto wale kwa ngozi iliyotoka benki, ngozi ya watu waliofariki, na ngozi hiyo ya muda ndiyo iliyowashikilia hai hadi shuka za maabara zilipokuwa tayari. Muujiza mkubwa wa maabara katika karne ile ulisimama juu ya benki ya tishu.

Simu ya mkononi iliruka nyaya, ni kweli, lakini haikuruka minara, na M-Pesa haikumruka wakala.

Sisi wa eneo hili tuna sababu ya kulifikiria jambo la ngozi kwa uchungu. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, wananchi wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Julai 2021 yakajirudia Malanga, Gem, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na watu wasiopungua 13 wakapoteza maisha. Katika maafa ya namna hii wapo wanaofika hospitalini wakiwa hai. Hesabu inayowakabili madaktari ni rahisi na ya kikatili. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Mguu mzima ni asilimia 18. Aliyeungua asilimia 15 atachunwa ngozi nyembamba ya paja na kupandikizwa. Aliyeungua asilimia 60 hana paja la kuchunwa, na hata kama amebakiwa na mgongo, kila sehemu inayochunwa huwa kidonda kipya kinachohitaji takriban wiki 2 kupona kabla ya kuchunwa tena. Ngozi ya benki humfunika katika muda huo. Mwili wake utaikataa baada ya wiki 2 au 3, na kila daktari anajua hivyo tangu mwanzo. Thamani yake ni zile wiki tu.

Sasa niitazame takwimu moja ambayo hainipi usingizi. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu kwamba mwaka 2012 zilipandikizwa konea 184,576 katika nchi 116, na kwamba kulikuwa na konea 1 tu kwa kila wagonjwa 70 wanaoihitaji. Wanaotaka turuke husoma tarakimu hiyo kama hukumu: benki za macho zimeshindwa, tutafute njia nyingine. Mimi nikiisoma naona jambo tofauti. Hiyo 70 ni wastani, na wastani huo umefunika ulimwengu mbili. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu duniani hawakuwa na huduma ya upandikizaji wa konea kabisa, huku Marekani na Sri Lanka zikivuna konea za kuwatosha wagonjwa wao na ziada ya kupeleka ng'ambo. Marekani tunaweza kusema ni utajiri. Sri Lanka je? Daktari Hudson Silva alianzisha chama cha uchangiaji wa macho huko mwaka 1961, akiwa na jokofu la nyumbani na wito kwa Wabudha wenzake, na tangu hapo makumi ya maelfu ya konea yamesafirishwa hadi nchi zaidi ya 50. Watu hufa Sri Lanka kama wanavyokufa Siaya. Upungufu wa konea, kwa hiyo, haukutokana na uhaba wa macho wala wa sayansi, kwa kuwa upasuaji wenyewe daktari Eduard Zirm aliufanya kwa mafanikio huko Olomouc, katika Chekia ya leo, mwaka 1905, kabla ya reli kufika kwingi katika nchi hii. Umetokana na kwamba katika saa zile chache baada ya kifo, kabla konea haijaharibika, hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza.

Hapa ndipo huletwa habari ya mila, na naona watu wetu husingiziwa. Husemwa kwamba Mjaluo au Mluhya hatakubali marehemu wake aguswe, kwa sababu mazishi ni jambo zito na mwili lazima urudi bomani ukiwa mzima. Uzito wa mazishi siupingi hata kidogo. Lakini mwili huo huo hukaa mochari wiki nzima na zaidi matanga yakipangwa, hutiwa dawa, na pengine hufanyiwa uchunguzi wa maiti. Konea ni kiwambo chenye upana wa milimita 12 na unene wa nusu milimita. Ikitolewa, jicho hubaki mahali pake na uso haubadiliki. Familia ikielezwa hayo yote na bado ikasema hapana, hapana hiyo iheshimiwe. Ninachokataa ni kuhesabiwa kwamba wamesema hapana wakati hawajaulizwa.

Na ipo tishu ambayo haimgusi marehemu yeyote. Utando wa ndani wa kondo la nyuma ulitumiwa kupandikiza ngozi na daktari J. S. Davis wa Baltimore, Marekani, tangu 1910, na kuanzia miaka ya 1990 umerudi kwa nguvu katika matibabu ya macho, kwa sababu hutuliza uvimbe na hupunguza makovu. Mama anayejifungua kwa upasuaji uliopangwa huombwa ridhaa, damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, utando huoshwa, hukaushwa na kupigwa mionzi, na baada ya hapo unaweza kukaa kabatini bila jokofu. Nchi kadhaa za Asia zilijenga benki zao kwa njia hii kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Katika hospitali zetu kondo hutupwa shimoni au kuchomwa, isipokuwa pale familia inapolichukua kwenda kulizika nyumbani, nayo ina haki hiyo.

Pingamizi linalonitia wasiwasi wa kweli ni jingine: uaminifu. Mwaka 2025 tuhuma za biashara ya figo zilizohusishwa na hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret ziliishtua nchi, na mzazi anayesikia leo neno "benki ya tishu" ana haki ya kuuliza nani atauza nini. Nje pia yametokea. Michael Mastromarino wa New Jersey alifungwa mwaka 2008 kwa kuiba mifupa na ngozi kwenye nyumba za mazishi kwa fomu za ridhaa zilizoghushiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inadai ridhaa ya maandishi, lakini karatasi hughushiwa, na benki inayoendeshwa ovyo ni mbaya kuliko kukosa benki, kwa kuwa inaweza kumtia mgonjwa maambukizi pamoja na ngozi. Kwa sababu hiyo siungi mkono kila kaunti kujijengea yake. Kaunti 14 za Ukanda wa Ziwa zinatosha kuhudumiwa na moja, yenye alama ya kila kipande kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji, na ambapo anayeomba ridhaa, anayekata tishu na anayeipandikiza ni watu watatu tofauti wasiolipana. Uangalizi huo huo, nikumbushe, utahitajika siku konea za Linköping zitakapofika Kisumu kwenye sanduku.

Na zitakapofika nitafurahi. Pengine keratokonasi itaondoka kwenye orodha ya benki ya macho. Lakini pandikizi lile huingizwa ndani ya konea ya mgonjwa mwenyewe, likaijaza pale ilipopungua unene. Halimfai ambaye konea yake imetobolewa na kidonda, wala ambaye tabaka la seli la nyuma limekufa. Hata dawa ya Shigeru Kinoshita wa Kyoto kwa ajili ya tabaka hilo, seli zinazokuzwa na kudungwa jichoni ambazo Japani iliziidhinisha mwaka 2023, huanza na konea moja ya marehemu, ambayo ikikuzwa vyema huwatosha wagonjwa wengi. Konea hiyo moja lazima itoke kwa familia fulani, usiku fulani, baada ya mtu kuiuliza.