Semina au Maji?

Yakizuka mazungumzo ya bakteria sugu hospitalini, wale wasiosikia dawa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema wahudumu hawajui kujikinga wala kukinga, basi wapelekwe semina. Wengine huwajibu: wanajua fika, lakini watanawa kwa maji gani?

Hapa Mombasa jibu hilo lina uzito. Maji yetu hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho huko Kilifi. Yakikatika, msomi na asiye msomi wote huchota ndoo moja. Isitoshe, kunawa kwa sabuni kama inavyotakiwa ni sekunde 40 hadi 60. Mpigie hesabu muuguzi mmoja mwenye wodi iliyofurika, uone zamu itambakishia nini.

Lakini nisingependa mfereji mkavu uwe kichaka cha kujifichia. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana hutosheka na sanitaiza ya spiriti, sekunde 20 hadi 30 tu. (Isipokuwa kwa Clostridioides difficile, ile bakteria ya kuharisha: spiriti haiui mbegu zake, sabuni na maji ni lazima. Hapo ndipo utamjua aliyeelewa na aliyekariri bango.) Halafu kuna glavu. Mtu amesafisha kidonda, kwa glavu zile zile akashika faili, kitasa, kisha kitanda cha pili. Amejikinga yeye, mgonjwa wa pili amepelekewa mzigo. Kosa hilo halihusiani na maji hata kidogo.

Kwa hiyo semina zina kazi. Tatizo ni nani huitwa. Kwa kawaida ni daktari na muuguzi. Anayepiga deki na kufuta vitanda vyote kwa kitambaa kimoja hasikiki. Wala yule mama aliyekesha akimgeuza mwanawe, kisha akamnywesha maji mgonjwa wa jirani, maana kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Bakteria Klebsiella sugu kwa karbapenemu, antibiotiki ambazo madaktari huziweka akiba, ilikuwa kileleni mwa orodha ya bakteria hatari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Nayo hupita kwenye mkono wowote.

Ningekabidhiwa mfuko, ningeanza na tangi la akiba na chupa ya sanitaiza kila kitanda. Kisha mafunzo ya nusu siku, mumo humo wodini, wa kwanza kuitwa wakiwa wapiga deki. Semina ya hotelini Nyali ingengoja.