Saini Hapa, Mwalimu

Nina hasira, na nitaandika hivyohivyo. Hapa Majengo, Moshi, kuna mwalimu mstaafu ambaye mashairi yake yalitoka magazetini enzi zile washairi wakijibizana kwa beti. Juzi kaletewa fomu na kijana anayekusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti, ili kompyuta nayo ijifunze lugha yetu. Vizuri. Ila fomu ni Kiingereza kitupu, tena cha mawakili! Mnamfuata mzee kwa sababu ya Kiswahili chake, halafu ruhusa mnamwomba kwa Kiingereza. Kijana ana adabu, kaamkia vizuri, kanywa chai. Mzee kasaini.

Nilipoisoma nikachoka. Eti anakabidhi haki zote za kiuchumi, yaani za kuyachapa na kuyauza mashairi yake, duniani kote, bila kikomo. Za nini? Anayetaka kuchambua vitenzi au kufundishia programu anahitaji leseni tu: nakuruhusu kunakili, kuhifadhi, kuwapa watafiti wenzako, jina langu libaki. Kuhamisha haki ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mashairi yale maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa fomu ile, wajukuu wakitaka kuyachapa kitabu, wakaombe kibali kwa watu wa mradi. Na malipo yenyewe hakuna. Hata chai ilikuwa ya mzee.

Haya, nakubali, afadhali huyu aliyebisha hodi kuliko wanaozoa mtandaoni kimyakimya. Mkusanyo wa matini uitwao JW300 ulitoka mwaka 2019 na lugha zaidi ya 300, kutoka machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Baadaye ukaondolewa kwa sababu ya hakimiliki, na waliokuwa wakiutegemea wakabaki wanatazamana. Kwa hiyo ruhusa inamfaa hata mtafiti. Wale wa "kikishatoka gazetini ni cha wote" sina muda nao.

Msiniambie fomu ya Kiswahili ni gharama. Ukurasa mmoja unatosha: mnachukua nini, nani atakiona, kitauzwa au la, na mtu akighairi ampigie nani. Hilo la kughairi ni gumu, najua. Shairi likishafundishia programu, kulitoa humo si kazi ya kufuta faili. Basi mwambieni hivyo kabla hajashika kalamu.

Mwalimu kaniomba nimwandikie barua ya kutengua saini ile na kutoa leseni badala yake. Nimeiandika kwa Kiswahili. Wasipoielewa, watafute mkalimani.