Leo mwezi ngapi?

Mimi ni mtu wa Tabata, kazi yangu mambo ya mahesabu, na mpaka mwaka juzi chombo pekee cha majini nilichokuwa nacho na uzoefu ni pantoni ya Kigamboni, tena huwa nasimama katikati kabisa karibu na bajaji ili nisiyaone maji. Sasa mtu kama huyo alipata wapi akili ya kununua boti ya matanga ya futi 24 yenye kitanda na jiko ndani? Hata mimi najiuliza. Hasa tarehe za mwisho mwisho wa mwezi.

Ilikuwa hivi. Kuna mzungu mmoja mkataba wake uliisha anarudi kwao, boti yake imefungwa kwenye boya kule Kunduchi hajaigusa muda mrefu, akanitajia bei nikaona mbona ni kama ya gari dogo lililochoka. Bei yenyewe siitaji kwa sababu mama watoto mpaka leo anaamini nusu yake. "Inahitaji rangi kidogo tu," jamaa akasema, na mimi kwa ujinga wangu nikaelewa rangi.

Aisee. Hiyo rangi kidogo imenila miezi saba. Tanga lilikuwa limeliwa na jua, ukiligusa na kidole kidole kinatokea upande wa pili. Kamba zimekauka kama makuti. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayotuama tumboni mwa boti, imekufa kitambo na ndani yake kuna kaa anaishi, tena mkubwa, ana familia. Halafu fundi wa mashine akaniambia bosi hapa lazima uweke zinki. Zinki ya nini? Akanieleza vizuri tu, kwamba ni kipande cha chuma unakifunga kule chini kwenye mashine, maji ya chumvi yanakila hicho yanaiacha mashine. Kwa hiyo mimi baba wa watoto watatu nanunua chuma kwa pesa taslimu ili kikaliwe. Nikamuuliza kikiisha? Akasema unanunua kingine. Alivyosema hivyo wala hakucheka.

Kariakoo nako nimesoma shule yangu. Ukiingia dukani usitamke neno boti, nakuusia. Ukisema nataka skrubu za stenlesi za boti, muuzaji anakuangalia kuanzia viatu kwenda juu halafu bei inapanda ngazi. Mimi siku hizi skrubu zangu ni za geti, hozi ni ya tenki la maji, kamba ni ya kufungia mbuzi wa Idd, na duka moja pale nimeshanunua kamba ya mita 60 wananiita mzee wa mbuzi. Shida ilikuja siku ya pampu ya choo. Hiyo hata ukajitahidi vipi huwezi kusema ni ya geti.

Choo chenyewe ngoja niwaambie. Ni kidude kimekaa chini ya kitanda, ukikaa magoti yanagusa kidevu, kina mpini wa kupampu na swichi ya kuchagua unavuta maji au unatoa, na kule chini kwenye tumbo la boti kuna koki ambayo usipoifunga bahari inaanza kukutembelea. Mimi sikuifunga. Jumatatu saa 3 asubuhi nipo kwenye kikao, simu inaita, ni mzee mmoja nahodha wa zamani pale Kunduchi namlipa anaangalia boti. "Bosi, hii boti yako unaisafisha kwa ndani?" Hapana mzee. "Basi inajisafisha yenyewe." Nilitoka kikaoni na tai shingoni nikapanda kihori nikaenda kufua maji kwa ndoo mpaka adhuhuri, godoro limeelea, masufuria yanaelea, na yule kaa nadhani alikuwa anashangilia.

Mama watoto yeye alishatoa hukumu mapema. Hiyo boti anaiita mwenzangu. Ijumaa nikianza kupakia mkoba anauliza tu kwa upole, "leo zamu ya mwenzangu?" na siku moja majirani walisikia, sasa hivi mtaa mzima unajua nimeoa mke wa pili Kunduchi, mama mkwe amepiga simu mara mbili.

Tuje kwenye kuendesha sasa. Nilijua upepo unasukuma tanga boti inakwenda, hesabu imeisha. Kumbe ukitaka kwenda kule upepo unakotoka boti haiendi, lazima uende upogo kushoto, ugeuze, uende upogo kulia, ugeuze, kama mlevi anayerudi nyumbani. Siku ya kwanza mzee amekaa nyuma ananifundisha, mimi nimeshika usukani nimeelekeza pua moja kwa moja kwenye upepo, matanga yanapiga makofi, mzee akaanza kupiga kelele "Bisha! Bisha mwanangu, bisha!" Mimi nimelelewa na bibi, mtu mzima akisema unanyamaza, nikamjibu kwa adabu zote "sibishi mzee wangu, nimekubali." Akazidi, "Nakwambia bisha!" Nikasema mzee haki ya Mungu sibishi chochote! Tulikwenda hivyo mpaka tukakaribia kugonga ngalawa ya watu, na mwenye ngalawa naye akasimama akapiga kelele, "We! Si ubishe!" Hapo ndo nikajua kuna kubisha kwingine, kule kwa kwenda upogo na kugeuza.

Halafu kuna ule mti wa chini ya tanga, wanauita bumu. Jahazi zetu hazina huo mti, zina foromali, mti unaobeba tanga, juu huko haimsumbui mtu. Huu wa kwangu umekaa usawa wa kichwa cha mtu wa urefu wangu kamili, mtu aliyeubuni alinipima. Upepo ukihama nyuma unatoka kulia kwenda kushoto bila hodi. Umeshanichukulia kofia mbili na miwani ya daktari, na nundu niliyoenda nayo ofisini nilisema ni kabati la jikoni, maana hiyo ya mke wa pili ilikuwa tayari imefika na ofisini.

Baada ya miezi miwili nikajiona nimeiva. Mwezi wa saba nikasema nakwenda Unguja. Mzee akaniangalia. "Kwenda utakwenda. Kurudi?" Nikamwambia mzee nina programu kwenye simu. Akasema haya. Yaani nikikumbuka nasikia aibu, Vasco da Gama na mizinga yake yote alipofika Malindi mwaka 1498 alisimama akaomba apewe mtu anayeijua ile bahari, akapewa, akavuka mpaka Hindi kwa wiki tatu na ushee, mimi wa Tabata namwambia mzee asante nina programu.

Kwenda kulikuwa raha bwana. Upepo wa kusi unapiga kutoka nyuma, boti inateleza, nimeweka muziki, nakula maandazi, kutoka Kunduchi asubuhi mpaka alasiri nipo Forodhani natembea kwa miguu ya kupanua kama nahodha. Kurudi sasa. Kusi linatoka kusini, mimi nataka kwenda kusini, na mkondo wa bahari huku kwetu mwaka mzima unakwenda kaskazini, na hilo programu haikuniambia au iliniambia sikusoma. Nilibisha kulia nikabisha kushoto saa tano nzima, shati limelowa, maandazi yote yametoka kwa njia yaliyoingilia, nikanyanyua kichwa nitafute nimefika wapi nikakuta minara ipo pale pale nilipoiacha. Nikageuza. Kesho yake nilirudi Dar na boti ya abiria, chini ya saa mbili, nimekaa na mkoba wangu na laifujaketi yangu mwenyewe mkononi, kijana mmoja akaniuliza mzee huziamini za kwao?

Boti ilikaa Unguja wiki tatu. Mzee ndo aliifuata, yeye na mjukuu wake. Walivuka upande wa Bagamoyo, wakashuka usiku na upepo unaotoka bara wakiambaa na pwani, asubuhi wapo Kunduchi wanakunywa uji. Nilimuuliza mzee mmetumia programu gani, hakunijibu.

Sasa hiyo yote nimeisema ili nifike kwenye Jumapili ya mwezi wa nane, maana ndo yenyewe.

Shemeji yangu alikuja kutoka Singida, mdogo wake mama watoto, akasema shemeji nipeleke kisiwa cha Mbudya nikaione hiyo boti inayosemwa. Mama watoto akatupikia pilau sufuria nzima, yeye mwenyewe akagoma kupanda, akasema atabaki ufukweni na watoto. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mkubwa umeivaa bahari yote, nikaupiga picha nikauweka stetasi. Asubuhi saa 2 tunashuka kwenye kihori, mzee yupo pale anafuma wavu, nikamwambia shikamoo mzee, marahaba, akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu wa nane mzee.

Akaacha kufuma. Akaniangalia, akamwangalia shemeji, akaangalia sufuria. Akasema, "Haya. Pilau mmechukua ya kutosha?"

Tukaondoka. Nusu saa haijaisha nikasikia chini kitu kama mtu anaburuta gunia, boti ikasimama. Nikawasha mashine, ikanguruma ikachafua mchanga, haendi mtu. Nikamwambia shemeji usijali ni kawaida, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini. Na maji yanashuka. Unayaona kwa macho yanashuka, kama mtu amechomoa kizibo. Boti ya aina hii ina mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, mrefu chini, kama mita moja na robo, ikipwelewa, yaani maji yakiikimbia, haikai kama ngalawa, inalala ubavu. Ikaanza kulala. Taratibu, taratibu, shemeji anapanda upande wa juu kama mbuzi kwenye mwamba, kule ndani nasikia vikombe, visahani, halafu kitu kizito kinateleza. Lilikuwa pilau.

Saa 4 bahari haikuwepo. Nimeshika simu, programu inaonyesha kidoti changu kipo katikati ya bluu, na kushoto kwangu wanapita akina mama wanne kwa miguu, wana ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza, kanga zimefungwa juu ya magoti. Shemeji alikuwa ameteremka amesimama pembeni, maji yamefika kwenye kifundo cha mguu, na laifujaketi ameikaza mpaka chini ya kidevu. Mama mmoja akasimama.

"Kaka, mmeegesha?"

Nikasema ndiyo.

"Leo bamvua kubwa," akasema, "mtakaa mpaka saa 6 na nusu hivi," akainama akachomoa pweza pale pale chini ya boti yangu, akamtia ndooni, akaenda zake.

Hiyo ndo iliniuma. Kila mtu alikuwa anajua. Mwezi ukishajaa, mwezi kumi na tano, kumi na sita, ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine, yanajaa saa 10 yanapwa saa 4, watoto wa pale wanajua, paka wa pale wanajua, na mimi ule mwezi niliupiga picha na nikapata moyo kumi na saba.

Mzee akaja anatembea kwa miguu, juu ya bahari niliyotakiwa kuwa naelea. Kwapani ana panga butu mbili na makumbi ya nazi. Hakuniuliza chochote, akazunguka boti akaangalia tumbo, lilikuwa limeota majani na magamba makali yale yanayoganda, kama ndevu za mtu aliyetoka jela. "Mwezi wa juu, mwanangu. Nilikuuliza mwezi wa juu." Akanipa panga. "Chombo kikipwelewa kisugue. Utalipia kupandisha juu bure?"

Basi tukasugua. Mimi, mzee, na shemeji na laifujaketi yake, panga linakwangua, kumbi linafuata, tukamaliza upande mmoja wote, viganja vimechanika, na jua la saa 5 ile mnalijua. Watu wakipita nilikuwa nawasalimia kwa kujiamini kabisa, tupo kwenye matengenezo. Tukala pilau tuliyoikusanya kutoka kwenye kuta. Maji yakarudi kimya kimya, boti ikanyanyuka yenyewe kama mtu anayeamka usingizini, na saa 6 na nusu, kweli bwana, tulikuwa tunaelea. Mzee akasema wiki mbili zijazo mwezi ukiandama ni bamvua tena, tulaze upande wa pili.

Ufukweni mama watoto amesimama na simu mkononi, picha ilishamfikia kitambo, boti imelala, mimi nimechuchumaa na panga, mdogo wake kavaa kama anazama. Nikaanza, "Unajua kila chombo kinahitaji kusuguliwa..." Akasema "mwenzangu umemwogesha, vizuri, sufuria langu liko wapi?"

Alhamisi yake nipo ofisini napigiwa na namba ngeni, mtu ana sauti nzito, anasema nimeelekezwa kwako, wewe ndiye fundi unayelaza boti unazisugua hapo Kunduchi, yangu ni futi 30, unatozaje?

Nikatoka nje ya ofisi nikafunga mlango. Nikamwambia 15,000 kwa futi, kula juu yako, na ngoja kwanza nimpigie mtu nijue leo mwezi ngapi.