Santuri Yenye Jina la Mtu

Muuzaji aliniomba radhi. Mzungu mtu mzima, ndevu zimemshuka hadi kifuani, alinyanyua kisanturi cha inchi 7 akanionyesha kwa kidole ile karatasi ya duara ya katikati. "Samahani," akasema, "kuna mtu ameandika juu yake." Kweli, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, mwandiko wa shule ya zamani: MALI YA, kisha jina, kisha TANGA. Kwa ajili ya maneno hayo alikuwa tayari kunipunguzia euro 5. Angejua, angenidai 5 zaidi na ningempa.

Hapo ilikuwa Utrecht, Uholanzi, kwenye yale maonyesho makubwa ya santuri ambayo kwa miaka mingi yalifanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi za Jaarbeurs. Meza na meza, masanduku na masanduku, na wanaume wa makamo wamebeba mabegi ya mgongoni wakipekua kwa vidole viwili kama watu wanaohesabu noti. Miaka 14 niliyoishi nchi hii imenifundisha kupekua vile vile. Sijajifunza kuona jina la mtu kuwa dosari.

Mjomba wangu, kule mtaa wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na santuri kama 40 ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubebea chai. Zote zilikuwa na jina lake. Zisingekuwa na jina zingepotea, maana Jumamosi hapakuwa na santuri iliyolala nyumbani. Alikuja mtoto akapiga hodi, "Shikamoo mjomba, baba anaomba ile ya Jamhuri Jazz," ikatoka. Mwingine akaja kutaka ya Atomic, nayo ikatoka. Tanga mji ule ulikuwa na bendi hizo mbili za kujivunia na kila mtu alikuwa na upande wake, lakini sanduku la mjomba halikubagua. Zilirudi Jumatatu, nyingine zimemwagikiwa soda, nyingine zimekwaruzwa. Moja ilikuwa inaruka kila ikifika pale gitaa la solo linapoingia, nasi watoto tuliimba tukiruka palepale. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule umenyooka bila kuruka, naona kuna kitu wamekosea.

Sasa njoo huku. Huku santuri ina cheti cha afya. Kuna kipimo, asili yake jarida moja la Marekani liitwalo Goldmine, kinachoanzia Mint, yaani kitu kisichoguswa kabisa, kinashuka Near Mint, VG+, VG (yaani Very Good), kisha Good, hadi huko chini. Msidanganyike na neno Good: kwenye kipimo hicho "nzuri" maana yake imechoka, inakoroma. Halafu kuna tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 kama orodha tu ya santuri za watu wapenda muziki, ikaja kuwa soko. Ukifungua ukurasa wa santuri yoyote unaona ni watu wangapi wanayo, wangapi wanaitaka, iliuzwa bei gani ya chini na bei gani ya juu. Kabla haujaisikia hata noti moja, umeshajua thamani yake. Na nikiri, nami huwa natazama. Nasimama dukani, santuri mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia.

Si santuri tu. Mwenzangu kazini ana LEGO, vile vitofali vya plastiki vya watoto kuungaunga, darini kwake, masanduku yamepangwa hadi kwenye kenchi, hakuna hata moja lililofunguliwa. Kampuni ile ya Denmark hutengeneza seti kwa muda kisha huiacha, na ikishaachwa bei hupanda. Ana watoto wawili. Siku moja nilimuuliza kama wanajua kilichomo darini. Akasema wanajua, ila ngazi anaificha. Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anasema kweli.

Hata watoza kodi wa huku wameona tofauti ninayoizungumzia. Uholanzi ukiwa na akiba na mali inayozidi kiwango fulani unatozwa kodi, kwenye lile fungu la 3 la fomu. Vyombo vyako vya nyumbani unavyotumia mwenyewe havihesabiwi. Lakini ukiwa umevishika hasa kama kitega uchumi, navyo vinaingia kwenye hesabu. Serikali inakuuliza swali ambalo mwenye LEGO darini hataki kujiuliza: wewe unavipenda hivi vitu, au unavifuga?

Wengi wangeishia hapo, wakasema basi, Mzungu anahesabu, sisi tunafurahia maisha. Si kweli, na mnajua si kweli. Jaribu kununua gari nyumbani. Kabla hujaliwasha, shemeji ameshakuuliza ukiliuza litanunuliwa? Spea zipo? Mbona rangi hiyo? Tunanunua Toyota nyeupe au ya fedha si kwa kuwa tunaipenda nyeupe. Tunamnunulia mtu wa pili ambaye hata hatujamjua. Rimoti ya televisheni inakaa na nailoni yake mwaka wa tatu, unabonyeza kwa kukisia. Huku Waholanzi wananunua gari, linachakaa, linashuka bei, wala hawahangaiki. Wanajipa raha kwenye gari na kufanya biashara kwenye vitu vya kuchezea. Sisi kinyume. Na sababu haihitaji mtaalamu: mwenye bima ya kila kitu anaweza kupoteza pesa kwenye gari, lakini kwetu gari ndilo ada ya shule na ndilo hospitali, siku likihitajika.

Halafu kuna sanduku la mama. Mama yangu ana doti za khanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa, zinanukia udi, nyingine nazifahamu tangu niko darasa la tatu. Kwa lugha ya wakusanyaji wa huku, hizo ni Mint. Nyingi ni za Mombasa, zile zenye maandishi madogo ya Mali ya Abdulla, za wale wa mtaa wa Biashara wanaouza khanga tangu 1887. Niliwahi kumwambia kuwa khanga za zamani zinakusanywa Ulaya, zingine ziko makumbusho. Akaniuliza wakishazikusanya wanazivaa lini. Lakini yeye mwenyewe hazivai! Anaziweka. Anamwekea bibi harusi ambaye hajazaliwa, anamwekea mzazi, anauwekea msiba. Kwa hiyo msiniambie kuweka kitu bila kukigusa ni tabia ya Kizungu. Tofauti ni kwamba doti ya mama siku ikitoka sandukuni inatoka kwenda kwa mtu, na hakuna atakayeuliza ilinunuliwa bei gani.

Narudi kwenye santuri, kwa sababu bei zake zina kisa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, na kanda zile zikabaki redioni. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya hapo kaseti ikaingia, rahisi, unainakili nyumbani kwa jirani mara kumi. Ndiyo maana santuri za muziki wetu wa dansi zilichapwa chache, zikapigwa mpaka zikaisha, na iliyobaki bila mkwaruzo ni kama kumwona kuku mwenye meno. Utamu wa kisa ni kwamba kaseti ilitoka kwa Philips, Waholanzi hawa hawa, mwaka 1963. Na Polydor, chapa ambayo Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alitolea santuri zake nyingi kabla hajafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, ilikuwa ya PolyGram, kampuni ya muziki ya Philips na Siemens. Wametuuzia santuri, wametuuzia kilichoziua, na sasa nazinunua tena kwao.

Kuna wafanyabiashara kutoka Ulaya wanaokwenda Nairobi na Mombasa, wanauliza nyumba kwa nyumba, wanarudi na masanduku. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nimepunguza, kwa sababu nimeona santuri nyumbani zikifunikia mitungi ya maji. Asiyeitaka kauza, anayeitaka kanunua. Kinachonikera ni kidogo zaidi: kwamba mwenye kuuza haambiwi kile ambacho simu ya mnunuzi imeshasema.

Nami si malaika. Miaka michache iliyopita nilikuta kisanturi cha Tabora Jazz kwenye duka la mitumba, yale wanayoita kringloop, euro 1, kisafi hadi kinang'aa. Sikukipiga. Nilikiingiza kwenye mfuko wa plastiki, nikakiweka rafuni, na kila baada ya miezi nikawa nafungua simu kutazama bei kama mkulima anayetazama mawingu. Mwaka wa pili nikakiuza kwa mtu wa Japani, faida nzuri, nililipa umeme wa mwezi na chenji ikabaki. Wiki moja baadaye mke wangu akaniuliza upande wa pili ulikuwa na wimbo gani. Sikuwa najua. Nilikaa miaka miwili na Watabora wale ndani ya nyumba bila kuwapa hata nafasi ya kunisalimu.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja: hakiingii nyumbani kitu ambacho sitakipiga usiku huohuo. Kikichakaa kichakae mikononi mwangu. Nikikiuza baadaye sawa, nyumba ni ndogo na mke ana haki zake. Lakini kwanza kiimbe. Mwenzangu wa LEGO anasema hivyo ndivyo watu wanavyobaki maskini. Huenda. Ila tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, watoto wa Kiholanzi hutandika blanketi barabarani wakauza vitu vyao vya kuchezea, na mwaka huu niliwaona wanawe wamekaa wanauza LEGO za mafungu, chakavu, zilizochanganyika, walizopewa na binamu zao. Zile za darini bado ziko darini.

Kile kisanturi cha Utrecht nilikipeleka Tanga mwezi wa nane. Mjomba amezeeka, anatembelea mkongojo, ila chombo chake cha kupigia santuri kinafanya kazi. Sindano nilimpelekea mwaka juzi. Alikishika, akakifuta kwa pindo la shuka yake, tumbo langu likanyonga. Akasoma lile jina kwa muda mrefu. Nilisubiri kisa.

"Huyu simjui," akasema. "Ila ana mwandiko."

Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya lile la kwanza. Nikamwambia, mjomba, unaishusha bei. Akanitazama juu ya miwani. "Kwani unaiuza?"

Jumamosi ile ile akaja mtoto wa jirani kuiazima. Juzi nimempigia simu kumjulia hali, na katikati ya mazungumzo nikauliza kama imerudi. Amesema iko Pongwe, kuna mtu anaoza binti.