Mtoto kukunja ulimi hakuthibitishi baba ni nani

Watu wengi kitu pekee walichobaki nacho kutoka baiolojia ya sekondari ni lile jedwali la miraba minne la kubashiri mtoto atarithi nini, herufi kubwa ni jeni inayotawala (nakala moja inatosha kuonekana), ndogo ni inayojificha, basi. Si mbaya. Shida inaanza pale mtu anapolichukua na kuanza kumshuku mke wake nalo, eti mtoto anakunja ulimi kama mrija na sisi wote wawili hatukunji, kautoa wapi?

Sasa hili la ulimi. Aliyelileta ni Sturtevant, mtaalamu wa jeni wa Marekani, mwaka 1940 akasema ni jeni moja tu. 1952 mtafiti mwingine akaangalia mapacha wanaofanana, wale wa yai moja, akakuta mapacha ambao mmoja anakunja mwenzake hawezi kabisa. Vinasaba vilevile! Mwaka 1965 Sturtevant mwenyewe akaandika kwamba anaona aibu kukuta bado watu wanaliorodhesha kama mfano. Na mpaka leo lipo kwenye notsi za wanafunzi huko, jamani.

Haya, magrupu ya damu. Hapa kidogo jedwali linasaidia, ila sio lile la kutawala na kujificha, maana A na B zikikutana hakuna inayomeza mwenzake, mtu anakuwa AB. Mzazi mmoja AB mwingine O, kwa kawaida watoto watatoka A au B, yaani hakuna hata mmoja mwenye grupu la mzazi yeyote, na mtu asiyejua anaona hapo tayari kuna kesi. Halafu kuna hali adimu inayoitwa Bombay, iliripotiwa 1952, mtu ana jeni ya A au B kabisa lakini jeni nyingine ya pembeni imeshindwa kutengeneza ule msingi ambao A na B hujengwa juu yake, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinamsoma O. Mama kama huyo akizaa mtoto AB, nani atamwamini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukiuliza je hii jeni inatawala au inajificha, jibu linategemea unaangalia nini. Ukiangalia ugonjwa wenyewe, inajificha, mtu wa AS, yaani mwenye nakala moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), kwa kawaida haumwi. Ukipima hemoglobini yake, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, unazikuta zote mbili, ya A na ya S, hakuna iliyojificha. Ukija kwenye malaria kali, nakala moja tu inatosha kumpa kinga kubwa, hapo sasa inafanya kama inatawala. Jeni ni ileile, mtu ni yuleyule! Ndo maana nasema kutawala sio tabia ya jeni yenyewe, ni namna sisi tunavyoipima, na hili lingefundishwa siku ya kwanza badala ya kuachwa kwa watakaofika chuo.

Urefu ndo usiseme. Utafiti wa 2022 wa watu zaidi ya milioni 5 ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 za DNA zinazohusika na urefu, na hapo bado hujagusa lishe. Utachora miraba mingapi? Rangi ya macho nayo hivyohivyo, jeni ni nyingi, wazazi wote wawili wenye macho ya bluu wanaweza kupata mtoto wa macho ya kahawia, haitokei sana lakini inatokea.

Simlaumu hata kidogo Mendel, yule mtawa aliyeanzisha elimu hii ya urithi kwa kupanda njegere. Njegere zake alizichagua makusudi, alitaka sifa zinazotofautiana waziwazi ili aweze kuhesabu, na ndo maana ile ripoti yake ya 1866 bado inasomwa. Ila njegere hazipelekani mahakamani. Kama una shaka na mtoto, kipimo cha DNA kipo, kinalinganisha sehemu nyingi za DNA kwa pamoja, na hakuna maabara itakayomwambia mtoto wako atoe ulimi.