Swali la Saa Tatu Usiku

Kanisani nilikuwa na kiti changu cha kudumu: tofali la inchi sita, nje, chini ya mwembe. Tuko wengi hapo. Wake zetu wanaingia ndani na watoto, sisi akina baba tunabaki kivulini "kuangalia magari", ingawa magari yenyewe ni manne na mlinzi yupo. Mahubiri tunayapata kwa spika ya nje, katikati ya mjadala wa Simba na Yanga. Ikifika sadaka tunaingia kwa mstari, tunatoa, tunakata kona, tunarudi mwembeni.

Mchungaji akachoka. Akatangaza semina ya wanaume, Jumamosi tatu mfululizo, na supu ipo. Sitadanganya: supu ndiyo iliyonipeleka.

Mwinjilisti aliyetufundisha alikuwa mwembamba kama fito, sauti ya lori la mchanga. Akasema wanaume tunazunguka sana, tuwe tunauliza swali moja tu: "Ukifa usiku huu, roho yako itakwenda wapi?" Swali hilo si lake. Lilienezwa na mchungaji mmoja wa Florida, Marekani, James Kennedy, aliyeanzisha mafunzo yake ya kushuhudia mwaka 1962. Kule nadhani mtu anaulizwa akiwa kwenye kochi lake, taa inawaka. Habari ya taa mwinjilisti hakuigusa.

Jumamosi ya pili tukapewa kazi ya nyumbani: kila mmoja amshuhudie mwanaume mwenzake, wiki ijayo alete taarifa.

Ijumaa ikaingia sijamshuhudia hata kuku. Saa tatu usiku nashuka Mbezi, nachukua bodaboda kwenda Makabe, ndipo nikamkumbuka Filipo wa Matendo 8, aliyepanda gari la towashi wa Kushi na kumhubiria humo humo njiani. Nikajiambia, Filipo angekuwa Dar angepanda bodaboda. Nikaanza taratibu, kama tulivyofundishwa, kujenga urafiki kwanza.

"Kaka, una familia?"

"Ninayo. Watoto wawili."

"Na pikipiki ni yako?"

"Ya mkataba. Nimebakiza miezi miwili iwe yangu." Akanitazama kwenye kioo. "Kwani vipi, bosi?"

Sikumjibu, maana hapo tulikuwa tumefika kale kakipande kasikokuwa na nyumba, giza tupu, nikaona ndipo penye utulivu. Nikaingiza mkono ndani ya koti kutoa Agano Jipya langu dogo. Lina jalada gumu, na kona yake ikamgusa mbavuni. Nikamshika bega, nikasogeza mdomo hadi sikioni kwa sababu ya upepo, nikasema kwa upole wote niliojaliwa:

"Kaka, ukifa usiku huu..."

Sikufika kwenye roho. Pikipiki ilipiga kelele, yeye akapiga kelele, tukapaa juu ya tuta na kwenda kuanguka katikati ya kijiwe cha wenzake. "Mwiziii! Ananiua! Ana kitu kotini!"

Ndani ya dakika moja nilikuwa nimezungukwa. Mmoja kashika spana, mwingine kanishika ukosi. Wakanipekua, wakatoa Agano Jipya. Kimya kidogo. Mzee mmoja akasema, "Siku hizi wanatembea nayo, geresha hiyo."

"Kama wewe mlokole kweli," akasema wa spana, "sali tukusikie."

Sasa jamani. Sala pekee niliyowahi kuongoza maishani ni ya mezani. Nikafumba macho, nikatetemeka: "Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki kilichoandaliwa mbele yetu..."

"Amina," ikajibu sauti ya nyuma. "Kiko wapi?"

Kicheko kile ndicho kilichoilegeza ile spana. Wakamwita mama anayekaanga samaki pembeni, mwanakwaya wa kwetu, aje anitambue. Akanimulika tochi usoni, akatikisa kichwa. Huyu kanisani simjui. Jasho likanitoka upya. Akafikiri kidogo.

"Hebu geuka."

Nikageuka.

"Eee! Huyu ni wa mwembeni. Mgongo huu naujua, kila Jumapili nauona unatoka baada ya sadaka."

Nikaachiwa kwa ajili ya mgongo. Nikamlipa dereva buku mbili ya safari na elfu kumi ya kioo kilichovunjika. Akawa anakung'uta vumbi kwenye suruali, bado anahema.

"Lakini bosi, lile swali. Jibu lake ni nini?"

Hapo ndipo nilipoumbuka kuliko pale kwenye spana. "Jibu," nikamwambia, "tunafundishwa kesho."

Asubuhi honi ikalia getini. Ni yeye, shati limepigwa pasi. "Twende tukasikie. Ila kile kitabu leo kishike mkononi, nikione."

Semina ikaanza kwa taarifa. Wengi waliangalia sakafu. Mwinjilisti akanifikia na daftari lake.

"Wewe umewafikia wangapi?"

"Kama ishirini hivi."

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Dereva, bakuli la supu mkononi, akameza kwanza.

"Anajishusha," akasema. "Walikuwa zaidi."