Kadiria kwanza, ndipo ubonyeze kikokotoo

"Kadiria jibu la 398 + 211." Mwanafunzi anapanga namba wima, anajumlisha, anabeba moja, anapata 609. Kisha anafuta na kuandika 610, maana ameambiwa makadirio huishia na sifuri. Anawekewa alama ya vema.

Vema ya nini? Hapo hapajakadiriwa kitu. Mtoto amefanya hesabu kamili, akapata jibu sahihi, halafu akaliharibu ili lifanane na makadirio. Kukadiria ni kuona 400 na 200, kusema 600, kalamu ikiwa bado mezani. Makadirio yakija baada ya jibu hayana kazi tena, na mtoto ana haki ya kuyaona ni usumbufu.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wa vikokotoo katika shule za msingi haukomi, na kila mara ni ule ule wa kuruhusu au kukataza. Uingereza iliviondoa kwenye mitihani ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi mwaka 2014. Sawa, huo ni uamuzi wa chumba cha mtihani. Mimi nauliza la darasani: namba ikitokea kwenye kioo, mtoto ataipima kwa kitu gani?

Chukua 348 × 27. Jibu ni 9,396. Kidole kikigonga 3 mara mbili, inakuwa 3348 × 27 na kioo kinaonyesha 90,396. Zitazame hizo namba mbili: tofauti ni sifuri moja iliyoingia katikati. Asiyekadiria atainakili bila wasiwasi wowote. Aliyeandika pembeni 350 × 30 = 10,500 atashtuka papo hapo. Tena namba zote mbili alizipandisha, kwa hiyo anajua jibu liko chini ya 10,500. "Nimepandisha zote, basi jibu liko chini" ni nusu nzima ya ujuzi huu, na haifundishwi inavyostahili. Kutoka 348 kwenda 350 ni kidogo mno, lakini kutoka 27 kwenda 30 ni kuongeza sehemu moja ya tisa, kwa hiyo mwenye kufikiri atashuka mwenyewe na kusema elfu tisa na kitu.

Makadirio nayo hayakamati kila kosa. Akibonyeza 384 badala ya 348 atapata 10,368. Iko chini ya 10,500, wala haitamshtua. Hapo tarakimu ya mwisho ndiyo inayomwokoa: 8 × 7 ni 56, kwa hiyo jibu lazima liishie na 6, na hili limeishia na 8. Sasa rudi kwenye 90,396. Inaishia na 6! Kigezo cha tarakimu ya mwisho kingeipitisha. Ndiyo maana navitaka vyote viwili, kwa kuwa kila kimoja kinaona kosa ambalo mwenzake halioni, na mtoto aliyezoea anavimaliza kwa sekunde chache.

Kwenye kugawanya, ile kanuni ya kukaribisha namba kwenye mamia ya karibu inageuka kikwazo. 1,743 ÷ 6 kwa kanuni hiyo inakuwa 1,700 ÷ 6, ambayo nayo haigawanyiki bila baki. Mwenye akili ya namba anachukua 1,800, anapata 300, na jibu kamili ni 290.5. Mwongozo wa kusahihisha unaomnyima alama mtoto huyo kwa sababu "hakukaribisha ipasavyo" unamfundisha asifikiri, na hilo linaniuma.

Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, wakipewa wachague 1, 2, 19 au 21. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24 tu. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, namba zinazopatikana kwa kujumlisha viasi peke yake au asili peke yake. Kila sehemu pale ni pungufu kidogo ya 1, na hakuna haja ya kutafuta asili ya pamoja ili kuliona hilo.

Kikokotoo chenyewe kina mambo yake. Bonyeza 2 + 3 × 4: kile rahisi kinatoa 20, cha kisayansi kinatoa 14, na magazijuto (mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa) inasema 14. Na 50 ÷ 8 inayotoa 6.25 watoto huiandika "6, baki 25". Baki haiwezi kuzidi kigawanyo, zidisha 0.25 kwa 8 upate baki ya kweli, 2.

Wanaosema jedwali la kuzidisha litangulie, nawakubalia kwa shingo upande. Asiyejua 35 mara 3 hataweza kukadiria 350 × 30, na kikokotoo hakitamsaidia kitu. Hoja yao lakini inaishia hapo. Jedwali likishakaa kichwani, kifungueni hicho kikokotoo mkifanyie kazi.

Jaribuni hili: 37 mara ngapi jibu liwe kati ya 1,000 na 1,100? Mtoto aandike kisio kwa kalamu ya wino kabla ya kubonyeza, asifute. Aliyeanza na 25 ataona 925, ajue bado 75, yaani 37 mbili na kidogo. Zikiongezwa mbili zinamfikisha 27, na 27 inatoa 999. Wenzake watapiga kelele. 28 inatoa 1,036, na 29 pia inaingia. Baada ya hapo badilisheni 37 iwe 3.7, kingine kisiguswe, mtazame ni nani ananyoosha mkono kuchukua kikokotoo na ni nani anaandika 280 moja kwa moja.